Rachel Ruysch, Bingwa wa Maua wa Amsterdam

Rachel Ruysch alikuwa mchoraji wa Uholanzi aliyezaliwa mwaka 1664 na kufariki mwaka 1750. Kwa zaidi ya miaka 60 alichora maua, matunda na wadudu. Alizaa watoto kumi, akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wachoraji cha mji wa The Hague, akateuliwa kuwa mchoraji wa kasri la mtawala wa Kijerumani, na picha zake ziliuzwa kwa bei ambayo wanaume wengi wa fani yake hawakuwahi kuipata. Haya yote aliyafikia kupitia aina ya uchoraji ambayo wakubwa wa sanaa wa wakati huo waliiweka daraja la mwisho: picha za vitu tuli.

Fani iliyodharauliwa

Picha ya vitu tuli huonyesha vitu visivyojisogeza vyenyewe: maua ndani ya chombo, matunda mezani, samaki na mkate, vitabu, bilauri, hata fuvu la kichwa. Aina hii ilistawi sana Uholanzi katika karne ya 17. Nchi ilikuwa imetajirika kwa biashara ya baharini. Italia na Ufaransa wateja wakubwa wa wachoraji walikuwa makanisa na wafalme, lakini Uholanzi walikuwa wafanyabiashara, mawakili na madaktari, watu waliotaka picha ya kiasi ya kutundika sebuleni. Maua nayo yalikuwa bidhaa ya thamani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1636 kuingia 1637 vitunguu vya tulipu viligombewa hadi bei ikapita kiasi, kisha soko likaanguka ghafla. Hata baada ya anguko hilo, kumiliki bustani yenye maua adimu kulibaki kuwa alama ya ukwasi na elimu.

Wananadharia wa sanaa hawakuvutiwa. Mwaka 1667 Mfaransa André Félibien alizipanga picha kwa madaraja. Juu kabisa zilikaa zile za historia, dini na hekaya, zikafuata za sura za watu, kisha za wanyama na mandhari, na chini ya hizo zote za vitu tuli. Hoja yake ilikuwa kwamba binadamu ndiye kiumbe bora, hivyo anayemchora binadamu anampita anayechora tunda.

Kwa wanawake, daraja hilo la chini lilikuwa na mlango. Mtu aliyetaka kuchora picha kubwa za historia alipaswa kujifunza umbo la mwili kwa kuwachora watu walio uchi, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika madarasa hayo. Ua halikuhitaji ruhusa ya mtu. Liliweza kuchorwa nyumbani, mchana, bila kumvunjia mchoraji heshima. Ndiyo maana kabla ya Ruysch walikuwapo tayari wanawake waliojijengea jina katika fani hii. Clara Peeters alichora meza za chakula mwanzoni mwa karne ya 17, na katika baadhi ya picha zake sura yake mwenyewe inaonekana, ndogo mno, kama kivuli kwenye ubavu wa jagi linalong’aa. Maria van Oosterwijck, aliyefanya kazi Amsterdam, aliuza picha za maua kwa wateja wa tabaka la wafalme. Ruysch aliikuta njia ikiwa imeshafyekwa, naye akaipanua.

Nyumba yenye maiti na mimea

Rachel alizaliwa The Hague mwezi Juni 1664, kifungua mimba wa familia iliyokuja kuwa na watoto kumi na wawili. Upande wa mama sanaa ilikuwa ya ukoo. Mama yake, Maria Post, alikuwa binti wa msanifu majengo Pieter Post, na mdogo wake babu huyo, Frans Post, alikuwa mchoraji aliyesafiri hadi Brazil na kuchora mandhari ya huko. Upande wa baba ilikuwa sayansi. Frederik Ruysch alianza kama muuza dawa, akasomea udaktari, na Rachel alipokuwa bado mtoto mdogo familia ilihamia Amsterdam, ambako baba aliajiriwa kufundisha anatomia kwa chama cha madaktari wapasuaji. Mwaka 1685 alifanywa pia profesa wa botania, akihusika na bustani ya mimea ya jiji.

Frederik Ruysch alisifika Ulaya nzima kwa ustadi wa kuhifadhi maiti. Alichoma nta iliyotiwa rangi katika mishipa ya damu, hata ile myembamba kabisa, na kiungo kilichoandaliwa hivyo kilibaki na wekundu wa uhai. Nyumbani kwake palikuwa na vyumba vilivyojaa chupa zenye viungo vya binadamu, vijusi, nyoka, vyura, samaki na wadudu, pamoja na makabati ya mimea iliyokaushwa. Hakuvipanga kama bidhaa za stoo. Mkono wa mtoto ulivikwa kikono cha lesi, mifupa midogo ilisimamishwa kati ya vijiwe na matawi, na chupa zilifunikwa kwa mapambo ya maua na kombe za baharini. Inasimuliwa tangu zamani kwamba Rachel alimsaidia baba yake kuandaa mapambo hayo. Wageni walilipa kiingilio kuyaona. Kaisari Peter Mkuu wa Urusi alitembelea mkusanyiko huo, na mwaka 1717 akaununua kwa gilda 30,000. Sehemu yake imehifadhiwa hadi leo katika jumba la Kunstkamera mjini St. Petersburg.

Kukulia katika nyumba ya namna hii kulimpa Rachel vitu viwili. Cha kwanza ni vielelezo: alikuwa na vipepeo, mbawakawa, mijusi na mimea ya nchi za mbali karibu na meza yake, wakati wachoraji wengine walilazimika kuvitafuta au kunakili kutoka vitabuni. Cha pili ni namna ya kutazama. Baba yake alifundisha kwamba jambo hujulikana kwa kulichunguza lenyewe. Katika Amsterdam hiyo hiyo Jan Swammerdam alikuwa akipasua wadudu chini ya kioo cha kukuzia na kuonyesha kwamba hawazuki wenyewe katika uozo, kama wengi walivyoamini, bali hutoka katika mayai na kupita hatua za kukua. Maria Sibylla Merian, mchoraji wa Kijerumani aliyehamia Amsterdam mwaka 1691, alisafiri hadi Suriname mwaka 1699 kuchunguza viwavi na vipepeo, na mwaka 1705 akachapisha kitabu kikubwa chenye picha za wadudu hao pamoja na mimea wanayoila.

Bustani ya jiji ilipokea mbegu na miche kupitia meli za kampuni za biashara. Kulikuwa na mishubiri kutoka Rasi ya Tumaini Jema, ambako Waholanzi walianzisha kituo mwaka 1652, mimea kutoka Java na Ceylon, na mananasi kutoka Amerika ya kitropiki. Nyuma ya mimea hiyo kulikuwa na historia isiyopendeza. Suriname, kwa mfano, ilikuwa nchi ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Maua ya kigeni yaliyopendeza katika vyombo vya Amsterdam yalisafiri katika njia zile zile za biashara.

Mwanafunzi wa van Aelst

Wanawake wachache waliokuwa wachoraji wakati huo kwa kawaida walikuwa wamefundishwa na baba zao. Frederik Ruysch hakuwa mchoraji kwa kazi, hivyo mwaka 1679, Rachel akiwa na umri wa miaka 15, alimpeleka kwa Willem van Aelst, mmoja wa wachoraji wa vitu tuli waliosifiwa zaidi mjini. Van Aelst alikuwa amefanya kazi Florence kwa ukoo wa Medici kabla ya kurudi nyumbani, na Rachel alijifunza kwake hadi fundi huyo alipofariki mwaka 1683.

Kwa van Aelst alijifunza jambo lililobadilisha sura ya picha za maua. Wachoraji wa kizazi kilichotangulia walipanga maua kwa ulinganifu: ua kubwa katikati, mengine kulia na kushoto kwa uzito sawa, kila moja likitazama mbele. Van Aelst aliuvunja mpangilio huo. Shada lake liliegama, mstari wake mkuu ukakata picha kutoka pembe moja ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na baadhi ya maua yakageuza mgongo. Ruysch aliuchukua mtindo huu na kuulainisha. Katika picha zake vikonyo virefu hujipinda na kushuka nje ya chombo, maua meupe na ya waridi hukusanyika katikati panapopiga mwanga, na yale ya rangi nzito husogea pembeni hadi yanakaribia kumezwa na giza la nyuma.

Kazi zake za kwanza zenye tarehe ni za mwanzoni mwa miaka ya 1680, alipokuwa hajafikisha hata miaka 20. Mdogo wake Anna naye alikuwa mchoraji mwenye kipaji, na picha zake za ujanani zinafanana sana na za dada yake.

Picha za sakafu ya msitu

Katika miaka yake ya mwanzo Ruysch alichora pia aina nyingine ya picha, ambayo haina meza wala chombo. Hapa maua huota chini ya mti, katika giza la msitu, kati ya uyoga, majani makavu na magome yaliyooza. Mjusi huvizia kipepeo, konokono hupanda jani, chura hutulia pembeni. Mwanzilishi wa mtindo huu alikuwa Otto Marseus van Schrieck, Mholanzi aliyefuga nyoka na mijusi ili apate kuwachora.

Katika picha hizi kuna ufundi usioonekana mpaka mtu asogee karibu. Ili kupata sura halisi ya kuvumwani, ule ukijani laini unaoota juu ya mawe na magome yenye unyevu, Ruysch hakuchora kila kijijani kwa brashi. Alichukua kuvumwani chenyewe, akakipaka rangi na kukigandamiza juu ya picha kama muhuri. Marseus van Schrieck alikwenda mbali zaidi kwa kubandika mabawa halisi ya vipepeo kwenye rangi mbichi, vumbi la mabawa likabaki pale. Hapo mpaka kati ya picha ya kiumbe na kielelezo cha maabara ulikuwa mwembamba sana.

Shada ambalo halikuwahi kuwapo

Picha ya maua ya Ruysch huonekana kana kwamba mtu ameingia bustanini asubuhi, akakata alichokipenda, akakitumbukiza katika bilauri ya maji. Ukweli ni kwamba shada la namna hiyo halikuweza kupatikana. Tulipu huchanua majira ya kuchipua, mawaridi huja kiangazi kinapoanza, na mengine husubiri hadi kiangazi kinapokwisha. Kabla ya nyumba za kisasa za kukuzia mimea, maua hayo hayakuweza kukutana katika chombo kimoja. Mchoraji aliyafuata moja moja kadiri yalivyochanua, au alitegemea michoro aliyoiandaa na kuihifadhi, kisha akayakutanisha kwenye kitambaa. Picha moja kubwa iliweza kuchukua miezi mingi.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa tabaka. Kitambaa cha kitani kilivutwa kwenye fremu na kupakwa rangi ya msingi. Mahali pa kila ua paliwekwa kwanza doa bapa la rangi ya wastani, likaachwa likauke. Kwa ua la waridi, juu ya doa hilo ziliongezwa sehemu za mwanga kwa rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi, kisha kivuli cha kila petali. Mwisho zilipakwa tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga. Rangi nyekundu ya kutumika hapo ilipatikana kwa kusaga wadudu wadogo waliokaushwa, walioletwa kutoka Mexico. Rangi hizi zilichanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hukauka polepole, hivyo kila tabaka lilidai subira. Mwanga ukipenya tabaka hizo na kurudi, petali huonekana kuwa na unyevu ndani yake.

Muda haukuzitendea haki rangi zote. Kijani cha majani mara nyingi kilipatikana kwa kupaka manjano ya mimea juu ya buluu. Manjano hayo hupauka kwa mwanga, na ndiyo sababu katika picha nyingi za Kiholanzi za wakati huo majani leo yanaonekana ya kibuluu kuliko mchoraji alivyokusudia.

Mfano mzuri wa ufundi wake ni picha ya matunda na wadudu aliyoimaliza mwaka 1711, iliyopo katika jumba la Uffizi, Florence. Ni ndogo, imechorwa juu ya ubao wenye upana wa sentimeta 60 hivi. Matunda yamerundikwa chini, penye giza la msitu: zabibu zenye ule unga mweupe wa ngozi ambao kidole kikigusa hutoka, mafyulisi yenye manyoya laini, na masuke ya ngano yanayokatisha rundo. Mbele kuna kiota chenye mayai, na mjusi yuko karibu nayo. Wadudu wametawanyika, kila mmoja na shughuli yake. Ukitazama haraka unaona mavuno. Ukitazama taratibu unaona vita: mayai yako hatarini, tunda lina mdudu anayelitafuna, na kila kiumbe ni mlaji au ni chakula.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya Ruysch na wengi waliochora maua. Desturi ya picha hizi ilibeba mafunzo ya dini. Ua linalonyauka lilimkumbusha mtazamaji kwamba uhai ni mfupi, na kiwavi anayekuwa kipepeo alisomwa kama ishara ya ufufuo. Ruysch hakuitupa maana hiyo, ila hakumtumia mdudu kama nembo tupu. Mbawakawa wake ana viungo vya miguu vinavyokunjika panapostahili, jani lililoliwa limeliwa kwa namna ambayo kiwavi hula, na ua lililopitiliza limeanza kulegea kuanzia petali za nje. Baba yake aliizuia mauti ndani ya chupa. Binti aliionyesha ikiendelea na kazi yake.

Ndoa, watoto na kazi

Mwaka 1693, akiwa na umri wa miaka 29, Ruysch aliolewa na Juriaen Pool, mchoraji wa sura za watu. Wanawake wengi wenye vipaji waliacha brashi siku ya harusi. Ruysch alikuwa tayari ana jina na wateja, na aliendelea kufanya kazi. Katika miaka 18 iliyofuata alizaa watoto kumi, wa mwisho mwaka 1711 akiwa na miaka 47, mwaka ule ule aliomaliza picha ya Uffizi. Baadhi ya watoto walifariki wangali wadogo, kama ilivyokuwa kawaida katika karne ile. Aliendelea kusaini kazi zake kwa jina la ukoo wake, Ruysch, na umaarufu wake uliuzidi wa mumewe.

Bei ndizo zilizowezesha haya. Picha yake moja iliweza kuuzwa kwa gilda 750 hadi 1,200 au zaidi, wakati fundi stadi wa mjini alipata takriban gilda 300 kwa mwaka mzima. Rembrandt, ambaye leo ndiye Mholanzi anayejulikana kuliko wote katika sanaa, ni mara chache alipata zaidi ya gilda 500 kwa picha moja alipokuwa hai. Mwanamke mwenye kipato hicho aliweza kuajiri watumishi wa nyumbani, na muda wa kuchora ukapatikana. Kwa kuwa hakubanwa na dhiki, hakuhitaji kuchora haraka haraka. Picha zake zinazojulikana leo ni zaidi ya 100, hesabu ndogo kwa mtu aliyefanya kazi zaidi ya nusu karne.

Karibu na mwaka 1700 chama cha wachoraji cha The Hague, kilichoitwa Confrerie Pictura, kilimpokea kuwa mwanachama. Hakuna mwanamke aliyekuwa amepewa nafasi hiyo kabla yake.

Mchoraji wa kasri la Düsseldorf

Mwaka 1708 alipata uteuzi uliomweka juu ya wenzake. Johann Wilhelm, mtawala wa Palatinate na mmoja wa wakuu wachache wa Kijerumani waliokuwa na haki ya kupiga kura ya kumchagua Kaisari, alimfanya mchoraji wa kasri lake mjini Düsseldorf. Kwa kawaida mchoraji wa kasri alihamia kwa bwana wake. Ruysch aliruhusiwa kubaki Amsterdam na familia yake na kupeleka picha Düsseldorf zilipokamilika. Mtoto wake wa mwisho aliitwa Jan Willem, kwa heshima ya mtawala huyo.

Uteuzi huo ulizifikisha kazi zake mbali. Mke wa Johann Wilhelm, Anna Maria Luisa, alikuwa wa ukoo wa Medici, na mtawala alimpelekea baba mkwe wake, Cosimo III wa Florence, picha za Ruysch kama zawadi. Kwa njia hiyo matunda na wadudu wa mwaka 1711 waliingia Italia. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Düsseldorf ilihamishiwa baadaye Munich, na ndiyo sababu jumba la Alte Pinakothek la mji huo lina kazi zake bora hadi leo.

Mwaka 1716 Juriaen Pool alichora picha ya familia inayomwonyesha yeye mwenyewe, mkewe na mtoto Jan Willem. Mwaka huo huo Johann Wilhelm alifariki, na ajira ya kasri ikaisha. Ruysch alirudi kuwategemea wateja wa Uholanzi, ambao hawakuwa wamemsahau. Mwaka 1723 familia ilijishindia fedha nyingi katika bahati nasibu, na tangu hapo hakuna shaka kwamba alichora kwa sababu alitaka kuchora.

Saini yenye umri

Wakati huo huo mitindo ilikuwa inageuka. Jan van Huysum, mdogo kwake kwa miaka 18, alianza kuweka mashada yake mbele ya mandhari angavu badala ya giza, na wanunuzi wakayapenda. Picha za Ruysch za uzeeni nazo zilipata mwanga zaidi na rangi laini zaidi, na nyingi zikawa ndogo. Hakuuacha mtindo wake. Katika picha ya mwaka 1741 iliyoko Basel, Uswisi, kishada kidogo kimelazwa juu ya kizingiti cha jiwe, hakina chombo wala maji, na mbawakawa yuko kando. Ni picha ya mwanamke wa miaka 77, na mkono haujatetereka.

Ni katika miaka hii alipoanza kuandika umri wake kando ya saini, akijua kwamba mtazamaji angeshangaa. Alifanya hivyo hata mwaka 1747, alipokuwa na miaka 83. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Ruysch alifariki Amsterdam mwaka 1750, akiwa na miaka 86. Mwaka huo ulitoka mkusanyiko wa mashairi ya kumsifu, yaliyotungwa na washairi kumi na mmoja. Mwaka huo huo pia Johan van Gool alichapisha kitabu cha maisha ya wachoraji wa Uholanzi, chenye habari za Ruysch alizozipata kwa kumtembelea mwenyewe. Kwa sababu hiyo maisha yake yanajulikana vizuri kuliko ya wanawake wengi waliochora kabla yake.

Kupungua na kurudi kwa sifa

Picha zake hazikuwahi kukosa wanunuzi. Kilichopungua ni nafasi yake katika vitabu. Wanahistoria wa sanaa wa karne ya 19 na ya 20, waliorithi madaraja ya Félibien, walipoandika habari za karne kuu ya uchoraji wa Kiholanzi waliwatanguliza Rembrandt, Vermeer na Frans Hals, na wachoraji wa maua wakapata aya chache. Mwanamke aliyechora maua alihesabiwa kuwa na mkono mwepesi kuliko akili. Tathmini hiyo ilianza kubadilika kuanzia miaka ya 1970, watafiti walipofufua habari za wanawake waliosahauliwa, na pale wataalamu wa botania na wadudu walipoanza kuzisoma picha zake pamoja na wanahistoria. Waliweza kutaja jina la kila mmea na kiumbe, na hivyo kufuatilia mimea ya kigeni ilivyoingia katika bustani za Ulaya.

Tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani, jumba la Rijksmuseum la Amsterdam lilitundika picha yake katika Ukumbi wa Heshima, pamoja na za Judith Leyster na Gesina ter Borch. Tangu jumba hilo lianzishwe, ukumbi huo, ambao ndio wenye picha kuu za taifa, haukuwa umewapa wanawake wachoraji sehemu ya kudumu. Kisha lilifuata onyesho kubwa la kwanza la kazi zake peke yake. Lilifunguliwa Munich mwezi Novemba 2024, likaenda Toledo katika jimbo la Ohio, likamalizia Boston mwaka 2025, na lilijumuisha pia kazi za mdogo wake Anna na vielelezo vya mimea na wanyama vya aina alivyovitumia.

Nje ya maonyesho, kazi zake zinaweza kuonekana National Gallery ya London, katika jumba la wanawake wasanii mjini Washington, na katika miji ya Brussels, Florence na Munich. The Hague alikozaliwa, shada lake la mwaka 1700 limetundikwa Mauritshuis, jengo ambalo babu yake Pieter Post alishiriki kulijenga.